Mbegu ya Ziwa Bahasi

Siku kijiji kizima kilipokwenda kuzika kijijini Hewani, Gunga na mkewe Kadii walibaki nyumbani kuvuta maji ya ziwa kwa mashine.

Hakuna aliyeshangaa kwamba wamebaki. Gunga ndiye mlinzi wa Ziwa Bahasi, kama baba yake na babu yake, na katika ukoo wao mlinzi haendi mazishini kipindi ziwa limefungwa lisivuliwe. Mkono unaotunza mbegu haugusi mchanga wa kaburi, ndivyo wanavyosema. Basi watu walipita mlangoni pake wakamwambia, "Baki salama, mlinzi," naye akawaitikia vizuri, huku pampu aliyoiazima mjini Garsen imefunikwa gunia nyuma ya choo. Mila ilimpa udhuru, naye akaupokea kwa mikono miwili.

Bahasi si ziwa la kutangazwa. Ni kipande cha mto Tana wa zamani, kilichokatika kikabaki kimejikunja pembeni. Mto ukifurika hulijaza, na kiangazi hulishusha mpaka libaki dimbwi moja katikati. Dimbwi hilo ndilo mbegu. Samaki waliojikusanya humo hawavuliwi, maana ndio watakaozaa furiko likija; na siku ziwa linapofunguliwa, kikapu cha kwanza ni cha wajane. Mwenye shida ya maji ya kupikia huchota, mradi asipite kigingi. Ni mti mgumu aliouchomeka babu yake Gunga, una mkato wa panga ubavuni. Maji yakifika kwenye mkato, basi, hakuchotwi tena, hata mtoto anajua.

"Nitafika kwenye mkato nizime," Gunga alisema, akiunganisha mpira wa maji. "Sheria ni mkato."

"Sheria inasema ndoo," Kadii akamjibu.

"Babu hakukataza mashine."

"Babu hakuiona mashine."

"Basi hakuikataza."

Kadii alicheka, na tusidanganyane, alicheka kwa sababu alitaka kushindwa. Mahindi yao yalikuwa ukingoni mwa ziwa, yametoa mbelewele, magunzi yanaanza kujaa, na mvua imegoma. Kuyamwagilia mara moja tu kungeyavusha. Mwaka uliopita walikuwa wamekula msaada, wakapanga foleni jua kali, na kijana mmoja mwenye kofia akamwambia Gunga, mtu mzima na mvi zake, asogee nyuma asisukumane. Kadii hakuisahau kofia ile.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Kadii alilijua na mumewe hakulijua. Ni yeye aliyekuwa akiingia dimbwini kuchimba viazi vya yungiyungi, na miguu yake ilikuwa imemwambia zamani kwamba tope limepanda. Enzi za mama mkwe wake, maji yakiwa kwenye mkato yalimfika mtu kifuani. Sasa chini ya mkato palikuwa na tope tupu, na juu yake maji ya kulowesha vifundo vya miguu. Alifungua mdomo kumwambia Gunga. Kisha akayatazama mahindi, akaufunga, akaushika mpira.

Gunga alizima mashine maji yalipogusa mkato. Hakupita hata upana wa kidole. Waliporudi watu wa mazishini, pampu ilikuwa imeshapelekwa Garsen kwa bodaboda.

*

Asubuhi Dadacha alileta ndama wake kunywa kama kawaida. Dadacha ni Muorma, boma lake liko ng'ambo ya ziwa, na yeye na Gunga huitana jaala, yaani rafiki wa kufa na kuzikana, kwa kuwa baba zao nao waliitana hivyo. Ng'ombe wake wakubwa hupita malka, ile njia iliyoachwa wazi katikati ya mashamba mpaka mtoni. Ndama hawaendi huko. Ni mbali, na mamba wa Tana hawana huruma na mwenye miguu mifupi. Ndama hunywea Bahasi, na hakuna mlinzi aliyewahi kuwakataza.

Akipita shambani kwa Kadii husimama, hata akiwa na haraka.

"Mama Lorna. Mahindi mzima?"

"Mazima, shemeji. Ndama wazima?"

"Zima, alhamdulillahi."

Ndivyo ilivyo kati ya nyumba hizo mbili. Unaulizwa cha kwako, unajibu, kisha unauliza cha mwenzako. Asiyeuliza amemtakia mwenzake mabaya. Asubuhi hiyo Kadii aliuliza huku akijua kilichobaki dimbwini, Dadacha akajibu, akateremka na mifugo yake.

Walikuta uji wa matope. Ndama mmoja aliingia akazama mpaka tumboni, ikabidi avutwe kwa kamba, na aliyevuta kuliko wote alikuwa Gunga. Jua lilipopanda, yale maji kidogo yakapata moto. Samaki wakaanza kupindua matumbo. Kufikia alasiri walikuwa wametapakaa, kambare wakubwa kwa wadogo, korongo wameshuka kula, harufu imefika hadi kanisani. Na tope lote, kuzunguka dimbwi zima, lilikuwa limechorwa kwato.

Watu walisimama wakatazama zile kwato. Hakuna aliyetazama kigingi, kwa nini wakitazame? Mlinzi wake yupo.

Winfred alikuja na kikapu chake, si cha kubebea kitu, ni mazoea tu ya mkono. Mumewe alifariki mwaka wa mafuriko makubwa, na samaki wa kile kikapu cha kwanza cha Bahasi ndio aliokuwa akiwakausha na kuwauza pole pole mpaka mavuno. Alilitazama dimbwi, kisha akapanda ukingoni akasimama kwenye mahindi ya Kadii.

"Mahindi yako yamependeza," alisema. "Yetu wengine yamekuwa nyasi. Mungu akikupenda, amekupenda."

"Ni umande wa ziwa tu, dada."

"Umande." Winfred aligusa jani moja. "Basi ukuzidishie."

Kadii akamkatia maboga mawili akamtia kikapuni. Winfred alishukuru, akarudia kushukuru, akashukuru tena alipofika njiani, mpaka Kadii akatamani ardhi ipasuke aingie.

Nyumbani Gunga hakungoja kuulizwa.

"Sikupita mkato."

"Najua."

"Nenda kapime. Sikupita."

"Sijasema umepita."

"Sasa kwa nini wamekufa?"

Kadii alikuwa anachambua mboga. Aliendelea kuchambua. "Tope limepanda, baba Lorna. Chini ya mkato hakuna maji. Nimejua tangu mwaka juzi."

Gunga alimgeukia. "Umejua, ukashika mpira."

"Nawe ukashika mashine siku ya mazishi, na pampu ukaificha kwa gunia. Mtu anayefuata sheria anafunika nini?"

Lorna, binti yao, alikuwa amesimama mlangoni na sahani yake. "Kwani tutasema?" aliuliza.

"Kula," mama yake akamwambia.

*

Kikao kilifanyika kwenye uwanja wa shule. Aliyeongea zaidi alikuwa Masha, mdogo wake Gunga, mtu mwema ila mdomo wake hauna mlango.

"Ziwa halijiui," Masha alisema. "Tumekwenda kuzika tumeacha maji, tumerudi tumekuta kwato. Sasa tutafute nini tena? Tukamuulize mganga?"

Watu wakacheka kwa uchungu. Dadacha alikuwa amechuchumaa na fimbo yake mapajani. Alingoja kicheko kiishe.

"Ndama yangu ilikunywa," alisema. "Siku zote inakunywa. Baba yangu alileta ndama hapa, na baba ya jaala aliona. Ndama hawezi kumaliza ziwa. Lakini mimi si mlinzi. Mlinzi ni jaala yangu. Yeye aseme."

Nyuso zote zikamgeukia Gunga. Alikuwa amekaa kwenye kiti, kiti cha mwalimu, kwa heshima ya nafasi yake. Kadii alikuwa na wanawake wenzake kando, macho kwa mumewe. Akajikuta anaomba aseme. Papo hapo akajikuta anaomba asiseme. Ndivyo moyo wa mtu ulivyo, unaweza kupiga magoti pande mbili.

"Kwato zimeonekana," Gunga alisema.

Hakusema uongo, na afadhali angesema.

Dadacha aliinuka na fimbo yake. "Kama jaala amesema, mimi nasikia."

Wakamtoza mtamba mmoja, na kuhama mpaka furiko lijaze ziwa. Hakubisha. Aliomba kitu kimoja: ndama dhaifu wabaki, kila mmoja anyweshwe kwa ndoo kutoka mtoni, mkewe atachota mwenyewe. Njia ya kwenda kwa ndugu zake, kuelekea Bangale, ni jua tupu, na ndama wengine hawajaacha kunyonya vizuri.

"Ndama ndio waliokosa, halafu ndio wabaki?" Masha akauliza, na watu wakacheka tena.

Dadacha hakumtazama Masha. Alimtazama Gunga. Gunga alikuwa anatazama viatu vyake.

"Sheria ni moja," Gunga alisema.

*

Kesi ya ziwa haiishi kwa faini. Mke wa mlinzi lazima ashuke kwenye mbegu na maziwa ya mnyama wa mkosaji, ayamimine, amtaje mkosaji kwa jina lake na la baba yake. Ziwa likiambiwa ukweli, mto utalikumbuka na kulirudishia samaki. Likidanganywa, furiko litapita kando. Kadii aliifanya kazi hiyo mara moja tu, akiwa bi harusi bado, kumtaja kijana aliyeiba samaki wa mbegu. Kijana alikuwa amesimama pale pale, akilia.

Maziwa aliyaleta Muna, mke wa Dadacha. Wanaume walikuwa wametangulia na ng'ombe, yeye angewafuata na ndama na punda wa mizigo. Aliingia uani na kibuyu kilichofukizwa vizuri, kile kile ambacho miaka yote kilikuja na maziwa ya Lorna na kurudi na unga.

"Karibu ukae, Muna."

"Sikai. Jua inanifukuza." Muna alikiweka kibuyu chini. "Ni ya mama ya ule mtamba. Nimekamua mimi, sitaki mtu aseme tumetia maji."

"Hakuna atakayesema."

"Watu wanasema." Akajifunga shuka upya. "Nina neno moja. Kesho ukitaja jina la mume yangu pale, utaje vizuri. Dadacha Gollo. Dadacha iko wengi. Nataka ziwa isimchanganye na mtu ingine akapata laana ambayo si yake."

Kadii alimsogelea. "Muna."

"Naam."

Neno lilifika mdomoni. Lilifika kabisa. Nje ndama mmoja akalia, na Muna akageuza kichwa kama mama aliyeitwa.

"Safari njema," Kadii alisema.

"Amin. Tunza Lorna."

Akaondoka, ndama wakimfuata, wale wadogo kabisa wakikimbilia sketi yake kila aliposimama. Kadii aliwatazama mpaka vumbi likawameza. Siku hiyo hakula. Lorna alikuwa amechoma hindi bichi, tamu, la maziwa, akamletea mama yake nusu. Kadii alilishika mkononi mpaka likapoa.

*

Watu walijipanga ukingoni, wengine wameziba pua. Kadii alivua kandambili, akashuka na kibuyu. Tope lilimfika magotini. Gunga alisimama nyuma yake hatua chache, kama inavyotakiwa, karibu na kigingi.

Akamimina. Maziwa yalikaa juu ya tope meupe, hayakuzama.

"Ziwa Bahasi," alianza, na sauti yake ikatoka nyembamba. "Baba zetu walikukuta, nasi tutakuacha. Aliyekukosea..."

Mainzi walikuwa wengi.

"Shemeji, jua linapanda," Masha akaita.

"Aliyekukosea," Kadii alisema, "ni Gunga mwana wa Jotham. Na mkewe Kadii, binti Kiti. Tulikuvuta kwa mashine siku ya mazishi. Maji yako yako kwenye mahindi yetu."

Watu walikuwa wanasubiri aseme amekosea maneno.

"Shemeji umepatwa na nini?" Masha alisema. "Kaka, mwambie mkeo apande juu."

Gunga alikuwa na nafasi. Angeweza kusema ni homa, ni njaa, ni wanawake. Mume anaaminiwa kuliko mke katika mambo hayo, na Kadii alilijua hilo alipokuwa akisema.

"Sikupita mkato," Gunga alisema taratibu. Kisha akainama, akausukuma mkono wake chini ya mkato wa kigingi. Uliingia kwenye tope mpaka kiwiko. Alipoutoa alisimama nao hivyo hivyo, haufuti, watu wauone. "Sikupita," alisema tena, na safari hii alianza kulia.

Mtu wa kwanza kusema alikuwa Winfred.

"Umande," alisema. "Kadii, uliniambia ni umande."

"Nisamehe, dada."

"Nami nikakushukuru. Nilikushukuru mara tatu, mpaka njiani." Winfred alikuwa hana hasira usoni, alikuwa kama mtu anayehesabu kitu na hakijumliki. "Na wewe ukaziitikia zote."

Jioni aliyarudisha maboga. Moja lilikuwa zima, la pili lilikuwa nusu, kwa sababu nusu nyingine ameshaila na wajukuu. Aliyaweka mlangoni, akaomba radhi kwa ile nusu, akaenda zake. Afadhali angemtukana.

*

Ulinzi wa ziwa walimvua Gunga siku iyo hiyo, wakampa Masha, ambaye hakuutaka na alikuwa hajui aweke wapi uso. Gunga hakukaa kungoja maneno. Alipanda bodaboda akafuata njia ya Bangale, ilipokwama kwenye mchanga akashuka akaenda kwa miguu, akiuliza kila boma. Alikuwa na ule mtamba wa faini kwa kamba? Hapana, mtamba angemchelewesha. Alikwenda mikono mitupu, na kwa mtu anayekwenda kuomba msamaha hiyo nayo ni aibu.

Alimkuta. Waliongea nini, Gunga hakumwambia mtu, hata mkewe. Alirudi midomo imepasuka, akasema tu, "Wanakuja," akalala kuelekea ukutani.

Mahindi yalikuwa yamekomaa. Yalikuwa mazuri kuliko yote ya ukingo ule, magunzi yamejaa mpaka ncha, na hakuna jirani aliyekuja kuomba hata moja la kuchoma. Kadii alikuwa anavuna peke yake asubuhi aliposikia kengele ya ng'ombe upande wa malka. Ng'ombe wakubwa wakapita kwenda mtoni, mbavu nje. Akaangalia nyuma yao, atokee Muna na wadogo. Akatokea Muna, na punda. Ubavuni mwa Muna alikuwapo ndama mmoja, anaburuta kwato.

Dadacha akaja akasimama pale anaposimama siku zote. Vumbi lilikuwa limemjaa kwenye ndevu.

"Mama Lorna," alisema. "Mahindi mzima?"

Kadii aliweka kikapu chini. Nyuma yake majani makavu yalikuwa yanagongana kwa upepo. "Mazima, shemeji."

Dadacha hakuondoka. Aliegemea fimbo yake, akangoja. Hakumkunjia uso, hakumtolea neno. Ilikuwa zamu ya Kadii kuuliza, na yeye alikuwa akimpa nafasi yake kama alivyompa miaka yote. Kadii alitamani Dadacha ampige kwa ile fimbo. Alitazama mahindi, alitazama ziwa lililokauka, hapakuwa na pa kuweka macho ila kwa yule mtu.

"Ndama wazima?" aliuliza.

Dadacha akaanza kuwataja. Alimtaja wa kwanza kwa jina lake, rangi yake na mama yake, na mti alioangukia chini yake. Kisha wa pili. Hakupandisha sauti na hakuharakisha. Kadii alisimama katikati ya mahindi yake, mikono imemning'inia, akawasikiliza wote.